Alsace na watoto wadogo: safari ya mvinyo inayofuata saa ya mtoto

Wazazi wanaopenda mvinyo mara nyingi huiweka Ufaransa kiporo hadi watoto wakue. Wanawaza chumba cha kuonjea chenye ukimya, glasi nyembamba zimepangwa mezani, na mtoto wa miaka mitatu anayetaka kwenda chooni sasa hivi. Katika baadhi ya maeneo ya mvinyo hofu hiyo ina msingi. Alsace, mashariki kabisa mwa nchi kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, ni habari nyingine. Huko familia yenye watoto wa chini ya miaka minane inaweza kusafiri kwa raha, kwa sharti moja: ratiba ifuate saa ya mtoto, na mvinyo utafutiwe nafasi ndani ya ratiba hiyo. Anayepanga kinyume chake huanza kugombana na mwenzake siku ya pili.

Kinachoibeba Alsace ni umbali mfupi. Njia ya Mvinyo, Route des Vins d'Alsace, ilizinduliwa mwaka 1953 na ina urefu wa kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim karibu na Strasbourg hadi Thann upande wa kusini. Vijiji vyake vimebanana. Kutoka Ribeauvillé hadi Hunawihr ni kilomita tatu tu, Riquewihr iko jirani hapo, na kutoka Colmar hadi Eguisheim ni kama kilomita saba. Linganisha na Bordeaux, ambako kutoka Saint-Émilion hadi Pauillac ni zaidi ya saa nzima ndani ya gari. Mtoto akiharibikiwa Alsace, unarudi nyumbani kwa robo saa.

Jambo la pili ni aina ya wenyeji. Watengenezaji wengi ni familia, na nyumba, ua na ghala viko pamoja katikati ya kijiji. Unapiga kengele langoni, anatoka mama mwenye aproni au kijana aliyevaa buti za mpira, na uani kuna baiskeli za watoto wao. Mtoto anayelia hapo si kioja.

Wakati wa kwenda

Mei, Juni na mwanzo wa Septemba ndiyo miezi mizuri. Colmar ni miongoni mwa miji inayopata mvua kidogo kabisa Ufaransa, kwa sababu mawingu yanayotoka magharibi humwaga maji upande wa pili wa Vosges kabla ya kufika. Faida hiyo hugeuka mzigo Julai na Agosti: joto huvuka nyuzi 30, katikati ya mizabibu hakuna kivuli, na vyumba vya juu vya nyumba za kale za mbao huwaka kama tanuri hadi usiku. Nyumba nyingi za kupangisha hazina kiyoyozi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Desemba ina masoko ya Krismasi, na picha zake ni za kuvutia kweli. Lakini mwishoni mwa wiki njia za Riquewihr na Colmar hujaa kiasi kwamba kigari cha mtoto hakipiti, na mtoto anayetembea haoni chochote ila mapaja ya watu wazima. Kama ni lazima Desemba, nenda siku ya kazi, asubuhi, na umbebe mtoto. Tena ujue kwamba hifadhi kadhaa za wanyama hufungwa majira ya baridi, na hizo ndizo zinazofanya safari hii iwe ya watoto.

Msimu wa mavuno huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba kulingana na mwaka, zikitangulia zabibu za Crémant, mvinyo wa mapovu wa huko. Ni wakati wa kusisimua, matrekta yanapita na harufu ya zabibu zilizokamuliwa iko kila kona. Ila ndio wakati ambao wenyeji hawana nafasi ya kukaa na wageni, na baadhi ya vijiji huzuia watu kuingia mashambani. Kuna hatari nyingine ambayo wageni wengi hawaijui, na inamgusa mtoto kuliko mtu mzima.

Lita moja ya juisi ya zabibu ikichachuka hutoa zaidi ya lita 40 za hewa ya ukaa. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia chini, hasa kwenye ghala lililo chini ya ardhi lisilo na feni. Mtu mwenye urefu wa mita 1.75 anaweza kuwa anapumua sawasawa huku mtoto wa sentimita 90 aliye pembeni yake anavuta hewa mbaya. Wala usitegemee mshumaa au kiberiti kama kipimo, maana hewa ya ukaa huanza kumdhuru mtu kabla moto haujazimika. Kwa hiyo katika wiki za uchachukaji watoto wabaki uani, basi. Mwenyeji akiwakaribisha ndani, muulize kama feni inafanya kazi na kama kifaa cha kupima hewa kimewashwa. Mtu akihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au pumzi kukatika, tokeni wote papo hapo, maelezo yatafuata nje.

Kufika na kutembea

Kwa wanaohitaji visa ya Schengen, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya miaka 6 ni bure. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na kila mtoto awe na yake. Kinachochelewesha faili za familia mara nyingi ni karatasi za mtoto: cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Anza na hizo.

Ukitua Charles de Gaulle huna haja ya kuingia Paris. Chini ya Terminali 2 kuna kituo cha treni, na kuna TGV, treni za kasi, za moja kwa moja hadi Strasbourg, safari ya kama saa mbili. Kutoka mjini Paris treni huondokea Gare de l'Est na huchukua saa moja na dakika 45 hivi. Strasbourg hadi Colmar kwa treni ya mkoa ni nusu saa. Kwenye TGV mtoto wa chini ya miaka minne husafiri bure akipakatwa, lakini kuna tiketi ya euro 9 inayompa kiti chake mwenyewe. Inunue. Saa mbili na mtoto mapajani, mkono mmoja umeshika chupa ya maziwa, ni uchovu usio wa lazima. Badala ya Paris kuna pia EuroAirport, uwanja ulio kwenye ardhi ya Ufaransa karibu na Mulhouse lakini wenye upande wa Ufaransa na upande wa Uswisi. Ukikodi gari hapo, hakikisha mapema ofisi yako iko upande upi, na utokee huko.

Gari ni la lazima kama unataka vijiji. Barabara kuu ya A35 inayopita bonde lote hailipiwi. Sheria ya viti ni kali: mtoto wa chini ya miaka 10 lazima akae kwenye kiti kinacholingana na umbo lake, naye akae nyuma, na kwa viti vya kanuni mpya ya R129 mtoto hutazama nyuma hadi afikishe angalau miezi 15. Faini ni euro 135. Tatizo la kawaida liko kwenye viti vya kukodi. Umeagiza kiti cha mtoto wa mwaka mmoja, unapewa cha kuinulia mtoto wa miaka sita, au mikanda imesokotwa na kifungio hakishiki. Usiondoke kwenye maegesho kabla hujamfunga mtoto na kuvuta mkanda: vidole viwili vipite kati ya mkanda na kifua, visizidi. Kama unaweza kuja na kiti chako, njoo nacho, mashirika mengi ya ndege hukibeba bila malipo. Usiposema mapema utapewa gari la gia za mkono.

Vijiji vingi vya kale vina kuta, na magari huachwa nje, kwenye maegesho ya kulipia ambako mashine huomba namba ya gari. Ndani barabara ni za mawe. Kigari chenye magurudumu madogo ya plastiki hukwama kwenye nafasi za mawe, mtoto anatikiswa na gurudumu la mbele hupinda. Leta chenye magurudumu makubwa ya hewa, au acha kabisa utumie mbeleko. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 mbeleko inashinda kila mahali: kwenye ngazi za ghala, kwenye ngome, na kwenye vijia vya mizabibu.

Nyumba moja, wiki nzima

Usihame hame. Chagua nyumba moja ya kupangisha, gîte, kati ya Ribeauvillé na Eguisheim, au kaa Colmar kama unataka kutembea kwa miguu jioni. Katika msimu wa watalii gîte nyingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na hapo ndipo wengi hunaswa. Alsace ina sheria zake za tangu enzi za utawala wa Wajerumani, na kwa sheria hizo Jumapili maduka makubwa karibu yote hufungwa, tofauti na sehemu nyingine za Ufaransa ambako hufunguliwa asubuhi. Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba pia ni sikukuu huku. Ukifika Jumamosi jioni na nepi tatu mkobani, utazitumia tatu hizo hadi Jumatatu. Ukitoka stesheni pitia supamaketi kwanza, nyumba baadaye.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba mambo haya kwa maandishi: kitanda cha mtoto cha kukunja, kiti kirefu cha kulia, mashuka (mara nyingi hulipiwa pembeni), na ngazi. Ngazi hasa. Nyumba za mbao za karne ya 16 na 17 zina ngazi zinazosimama wima karibu kama za paa, hazina kizuizi, na madirisha ya ghorofani yanaweza kuwa chini, usawa wa kifua cha mtoto. Omba picha. Ukipewa nyumba ya chini yenye ua uliofungwa, ichukue hata kama si nzuri kwenye picha. Kodi ya utalii inayotozwa kwa kila usiku haiwahusu walio chini ya miaka 18, kwa hiyo angalia kama umetozwa kwa watoto.

Maziwa ya kopo huuzwa supamaketi na famasia: namba 1 ni hadi miezi sita, namba 2 ni hadi mwaka, kisha ya ukuaji. Kwa chupa ya mtoto nunua maji yenye maandishi kwamba yanafaa kuandalia chakula cha vichanga. Baadhi ya maji ya chupa yana madini mengi mno kwa figo za mtoto mdogo.

Asubuhi ndiyo ya mvinyo

Ghala nyingi hufunguliwa asubuhi, hufungwa saa sita hadi saa nane mchana, kisha hufunguliwa tena. Mtoto mdogo ana nguvu na subira asubuhi. Kwa hiyo weka miadi saa nne asubuhi, moja tu kwa siku. Piga simu au andika siku mbili tatu kabla, taja umri wa watoto na idadi yenu. Anayepokea kwa furaha ataonekana kwenye jibu lake, na anayesita, mwache. Jumapili wengi hawapokei.

Omba mwanze na ghala, kuonja kufuate. Humo baridi ni ya nyuzi 10 hadi 14 hata Agosti, kwa hiyo kila mtoto awe na sweta. Sakafu huwa na maji, mabomba ya mpira yamelala chini, na kuna mifereji ya kutolea maji ambayo mguu mdogo hutumbukia. Mshike mkono.

Kuna kitu kimoja humo ambacho hakishindwi kumnasa mtoto. Mapipa makubwa ya kale ya Alsace, yale yanayozidi urefu wa mtu, yana kijimlango upande wa mbele, chini kabisa. Pipa likiwa tupu, mtu huingia kwa kupitia hapo kulisafisha, mkono mmoja kwanza, kisha kichwa, kisha bega moja baada ya jingine. Ukibahatika kukuta pipa tupu lililo wazi, omba mwenyeji amulike ndani kwa tochi. Kuta zote hung'aa. Ni fuwele za tartari, chumvi ya asidi iliyomo kwenye zabibu, zilizoganda juu ya mbao mwaka baada ya mwaka hadi zikaifunika. Ndiyo sababu mvinyo wa huku hauchukui ladha ya mbao ingawa umekaa ndani ya pipa la mwaloni. Mwenyeji mkarimu humbandulia mtoto kipande, na kinakaa mfukoni safari nzima. Mjini Riquewihr, katika nyumba ya Hugel, familia ya watengenezaji mvinyo, kuna pipa la mwaka 1715 ambalo bado linatumika.

Kisha kuonja. Kipimo cha kuonja ni sentilita 3 hadi 5. Mvinyo sita kwa sentilita 4 kila mmoja ni sentilita 24, ambazo kwa kilevi cha asilimia 13 ni kama gramu 25 za alkoholi tupu, yaani sawa na glasi mbili na nusu za mgahawani. Kikomo cha dereva Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni changa, kiwango ambacho hata glasi moja hukivuka. Hesabu ni wazi: dereva hutema, au haonji. Kutema si utovu wa adabu, chombo chake kiko mezani na wataalamu wote hukitumia. Mzazi mmoja aonje, mwingine awe na watoto, halafu kesho mbadilishane. Kujaribu wote wawili kuonja huku mtoto akizunguka katikati ya makreti ya chupa ndiko kunakovunja chupa.

Mpangilio huenda kutoka mkavu hadi mtamu: Sylvaner, Pinot Blanc, Riesling, Muscat, Pinot Gris, Gewurztraminer, na mwisho zile za mavuno ya kuchelewa, vendanges tardives. Ukiwa na mtoto usiombe zote. Chagua nne, na uanze na Riesling. Zamani mgeni alishindwa kujua chupa ipi ni kavu na ipi ina sukari, lakini kuanzia mavuno ya 2021 lebo za Alsace hulazimika kusema: sec ni mkavu, demi-sec una utamu kidogo, moelleux ni mtamu, doux ni mtamu sana.

Nao watoto? Wengi wa watengenezaji huuza juisi ya zabibu zao. Omba iwekwe kwenye glasi nzito ya maji, maana glasi za kuonjea zina shina jembamba linalokatika mkononi mwa mtoto. Rangi na karatasi zitoe mkobani wakati wa mvinyo wa tatu, kwa sababu ukizitoa mwanzoni zitakuwa zimechosha unapozihitaji. Mtoto wa miaka minne na kuendelea anaweza kushiriki kwa pua: mnusishe Gewurztraminer, ataje harufu. Waridi hutajwa sana, na wengine husema peremende. Muscat hunukia zabibu mbichi hasa. Kumwonjesha "tone tu" hakuna sababu. Pua inamtosha.

Dakika 45, basi. Kwa nyumba ndogo, kuonja mara nyingi ni bure au kwa euro chache ukinunua kitu, na heshima ni kutoka na chupa mbili tatu.

Katikati ya mizabibu

Vijia vya mizabibu vipo karibu kila kijiji, vina vibao vya maelezo, na vifupi vyake ni vya kilomita mbili hadi tatu. Mizabibu ya Alsace hukuzwa mirefu, mingine inafikia mita mbili, kwa hiyo mtoto akiingia safu ya pili humwoni tena. Mvalishe rangi kali, na weka kanuni ya kutovuka safu. Nyaya za chuma zinazoshikilia matawi ziko usawa wa uso wake.

Kula zabibu zilizo mtini ni marufuku kwa sababu mbili. Ni mali ya mtu, na zimepuliziwa dawa. Hata mkulima asiyetumia kemikali za viwandani hupulizia shaba na salfa dhidi ya ukungu, ndiyo ile rangi ya bluu-kijani unayoiona kwenye majani. Baada ya kupulizia, sheria hukataza watu kuingia shambani kwa saa 6 hadi 48 kulingana na dawa. Ukiona trekta refu linalopita juu ya safu likitoa ukungu, geuka, rudi kijijini. Na baada ya matembezi yoyote, mikono ioshwe kabla ya kula.

Ukipendelea baiskeli, kuna njia maalumu, Véloroute du Vignoble, inayopita kandokando ya vijiji. Helmeti ni lazima kisheria kwa watoto wa chini ya miaka 12, hata aliyebebwa nyuma, na faini ya euro 135 hutozwa mtu mzima aliye naye. Sehemu za tambarare ziko upande wa bonde. Karibu na Riquewihr na Hunawihr kuna vilima vitakavyokuumiza ukivuta kigari cha watoto.

Kuna kupe. Alsace ni miongoni mwa sehemu za Ufaransa zenye ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, kwa wingi, na kupe wako kwenye majani marefu kandokando ya misitu ya Vosges. Kila jioni wakati wa kuoga mkague mtoto: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nyuma ya masikio, mstari wa nywele. Famasia, zenye msalaba wa kijani, huuza kindoano cha plastiki cha kung'olea. Kisukume chini ya kupe, zungusha taratibu, usipake mafuta wala usimchome. Kisha tazama mahali hapo kwa mwezi mmoja. Duara jekundu linalopanuka ni sababu ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Dharura ni namba 15 au 112, na famasia ya zamu usiku hupatikana kwa kupiga 3237.

Chakula

Jiko la mgahawa hufunguliwa saa sita na hufungwa kati ya saa saba na nusu na saa nane. Fika saa sita kamili, si saa saba na robo. Jioni hakuna kinachoanza kabla ya saa moja, wakati ambao mtoto anasinzia, kwa hiyo ule mlo mkubwa mchana na mpike nyumbani usiku. Maji ya bomba kwenye jagi ni haki yako bila malipo ukiagiza chakula, sema "une carafe d'eau".

Tarte flambée, unga mwembamba wenye malai, vitunguu na vipande vya nguruwe, huliwa kwa mikono na watoto huipenda. Mikahawa mingi huitoa jioni tu, tanuri likishawashwa. Familia isiyokula nguruwe iombe "sans lardons", na ijue kwamba choucroute, kabichi iliyochachushwa, hupakuliwa na nyama ambayo karibu yote ni ya nguruwe, na baeckeoffe ina nyama tatu, ya ng'ombe, nguruwe na kondoo, zilizolazwa kwenye mvinyo usiku kucha. Kilevi hakiishi chote kwa kupikwa. Salama kwao ni samaki trauti, kuku asiyepikwa na Riesling, na spaetzle, tambi fupi za mayai ambazo mtoto yeyote atakula. Keki ya kougelhopf inaonekana ya kitoto kabisa, lakini zabibu kavu zake mara nyingi huloweshwa kwenye pombe ya cheri, kwa hiyo uliza dukani. Jibini la Munster likiwa la maziwa mabichi, lait cru, mamlaka za afya za Ufaransa hushauri mtoto wa chini ya miaka mitano asile, kwa sababu ya bakteria wanaoharibu figo. Chukua lililotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa.

Alasiri ni ya watoto

Baada ya chakula mtoto hulala garini, na hapo unaendesha pole pole kwenda kwa wanyama. Hunawihr kuna NaturOparC, iliyoanza mwaka 1976 kuwarudisha korongo wakati Alsace ilikuwa imebakiwa na jozi zisizofika kumi. Leo viota vyao viko juu ya mapaa kila kijiji, na mlio wa midomo yao ikigongana husikika hadi barabarani. Karibu na Kintzheim kuna Montagne des Singes, msitu wa hekta 24 wenye kima wapatao 200 wanaotembea huru. Biskuti zote zifichwe ndani ya mkoba uliofungwa kabla ya geti. Jirani yake ni Volerie des Aigles, ambako tai huruka chini chini juu ya vichwa. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuogopa, kaa pembeni mwa safu ili uweze kutoka.

Ngome ya Haut-Koenigsbourg, iliyobomolewa mwaka 1633 na kujengwa upya kati ya 1900 na 1908 kwa amri ya Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani, iko juu, mita 757 hivi, na ina ngazi mtindo mmoja. Kigari hakina kazi hapo. Kwa siku nzima tambarare, hata ya mawingu, Écomusée d'Alsace huko Ungersheim ni bora kuliko zote: nyumba za kale zilizobomolewa vijijini ubao kwa ubao na kusimamishwa upya, pamoja na wanyama na mafundi. Mvua ikinyesha, Colmar kuna jumba la vitu vya kuchezea, na Mulhouse kuna Cité du Train yenye injini za mvuke za ukubwa wa nyumba.

Kurudi na chupa

Chupa ya Alsace ni ndefu na nyembamba, kama sentimita 33 hadi 35, kwa hiyo maboksi mengi ya kufungia chupa yaliyotengenezwa kwa ajili ya Bordeaux hayaitoshi. Mwombe mtengenezaji boksi lake. Ikijaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.3, sita ni karibu kilo nane, na hazipandi kabini kwa sababu ya kikomo cha mililita 100. Zifunge kwa nguo za watoto, shingo ielekee katikati ya sanduku, na kila moja ndani ya mfuko wa plastiki. Usiziache garini mchana wa kiangazi: mvinyo hupanuka kwa joto, husukuma kizibo, na ukishavuja hauna tena kinga dhidi ya hewa.

Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua kwa zaidi ya euro 100 katika duka moja anaweza kuomba fomu ya kurudishiwa kodi, ingawa si kila mtengenezaji mdogo huitoa. Fomu hupigwa muhuri kwenye mashine za PABLO uwanjani, kabla hujakabidhi masanduku, maana forodha wanaweza kutaka kuziona chupa. Foleni hiyo inaweza kuwa ndefu, hivyo mzazi mmoja aende nayo peke yake pamoja na pasipoti na sanduku lenye chupa, na mwingine awapeleke watoto chooni.